Mali bila Daftari: Mshahara wa Wapagazi wa Kariakoo

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tunaotoka Uganda kwenda Dar es Salaam kwa mazoezi ya lugha hupelekwa Kariakoo mapema. Mimi nilipelekwa siku ya tatu. Mwalimu wetu alitaka tusikie Kiswahili cha sokoni, kile ambacho hakimo vitabuni. Tulijibanza pembeni kumpisha kijana aliyejitwisha marobota mawili ya vitambaa, naye akapita huku akiita, "Mzigo! Mzigo!" Mwalimu akatuuliza kama tunajua asili ya jina la mahali pale. Hakuna aliyejua. Akatueleza kwamba Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wapagazi hao waliwekewa kambi hapo, na jina likabaki. Nairobi nayo ina Kariokor yake kwa sababu hiyo hiyo.

Wenzangu waliandika maelezo hayo wakaendelea na matembezi. Mimi nilibaki na swali moja: je, watu hao walilipwa? Swali hilo halikunijia kwa udadisi wa kimasomo tu. Miezi michache kabla ya safari ile nilikuwa nimeacha kazi Kampala huku nikimdai bosi wangu mshahara, na huku mimi mwenyewe nikidaiwa na mtu mwingine jambo lililonielemea kuliko fedha. Katika insha hii nitaeleza kwanza kisa changu kwa ufupi, kisha nitazungumzia mshahara wa wapagazi wa Kariakoo. Hoja yangu ni kwamba ahadi ya mshahara huvunjwa kwa urahisi pale ambapo mwenye kuahidi ndiye mwenye kushika daftari. Upungufu wa daftari, ambao ni kosa lake, hugeuzwa kuwa sababu ya kutolipa.

Kisa cha stoo

Katika likizo ndefu nilitafuta kazi ili nipate sehemu ya ada ya muhula uliofuata. Nilipata kwa mfanyabiashara wa jumla aliyeuza sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Wateja wake wengi walitoka Kongo, kwa hiyo alitaka karani anayejua Kiswahili. Tulikubaliana kwa mdomo: shilingi za Uganda 400,000 kwa mwezi, chakula cha mchana, na nauli ya kwenda na kurudi. Nilipotaja karatasi ya makubaliano alicheka. "Wewe ni kama mwanangu," alisema. "Kati ya baba na mwana karatasi ya nini?" Nilifurahi kuitwa mwana, nikaacha.

Mwezi wa kwanza alinipa 250,000 akasema kilichobaki kitafuata. Chakula kilitolewa wiki mbili kikakoma. Nauli sikuiona hata siku moja. Mwezi wa pili alisema biashara imekuwa ngumu, na wa tatu akasema nimvumilie mpaka mteja fulani wa Bunia alipe.

Kazi yangu ilikuwa kuandika mizigo inayoingia na inayotoka. Palikuwa na wabeba mizigo sita waliolipwa kwa wiki, nao waliahidiwa nyongeza kwa kila lori lililoshushwa usiku. Siku ya kwanza nilianza kuandika majina yao. Bosi akanizuia. "Usijichoshe na majina," aliniambia. "Andika idadi." Tangu siku hiyo niliandika hivi: lori 1, watu 6.

Mmoja wa wale sita alikuwa mzee kutoka Kivu. Aliniita mwanangu, nami nilimwita baba, na Kiswahili chake cha Kongo kilinifundisha mengi. Baada ya wiki kadhaa alikwenda kudai nyongeza ya malori kumi na moja ya usiku. Bosi alifungua daftari, mwandiko wangu ukiwa wazi mezani, akamwuliza, "Jina lako liko wapi humu?" Mzee hakujua kusoma. Akanigeukia mimi. "Mwanangu, si wewe ulikuwa pale?" Nilikuwa pale. Lakini nilikuwa bado nikitarajia mshahara wangu, nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye nami nilikwenda kudai. Bosi akafungua daftari lile lile. Karani hajiandiki mwenyewe, kwa hiyo jina langu nalo halikuwamo. Niliondoka siku hiyo, na sikumwaga mzee.

Vita vya migongo

Vita vya Afrika Mashariki vilianza Agosti 1914 vikamalizika 25 Novemba 1918, siku Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa jeshi la Wajerumani aliposalimisha silaha huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Sehemu kubwa ya nchi haikuwa na reli wala barabara za magari, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi. Kwa hiyo risasi, vipande vya mizinga, dawa, mahema na chakula vilibebwa na binadamu.

Hesabu yake inaeleza kwa nini watu wengi kiasi kile walichukuliwa. Mpagazi alibeba takriban kilo 25, na alihitaji karibu kilo moja ya chakula kila siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, yeye mwenyewe anahitaji kilo 20 kati ya zile 25. Ili askari mmoja aliyeko mbali na reli apate chakula, ilibidi pawe na mlolongo wa watu wanaobebeana chakula cha kulana wao kwa wao. Jeshi lilivyozidi kusonga kusini, ndivyo mlolongo ulivyozidi kurefuka. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake uliwatumia watu wapatao milioni moja kubeba mizigo kwa vipindi mbalimbali. Wajerumani nao waliwachukua wapagazi kwa nguvu, na Wabelgiji vilevile. Sisi wa Uganda tumo katika habari hiyo: mwaka 1916 maelfu ya wapagazi kutoka kwetu walitolewa kulisaidia jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo kuelekea Tabora, mji uliotekwa mwezi Septemba mwaka huo.

Mkuu wa idara ya wapagazi upande wa Waingereza alikuwa Oscar Ferris Watkins, afisa wa utawala aliyekijua Kiswahili vizuri. Mwanzoni watu walitafutwa kama vibarua wa kawaida. Wito ulipozidi idadi ya waliokubali, serikali ya Kenya, iliyoitwa wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki, ilitunga sheria mwaka 1915 iliyoruhusu kuwachukua watu kwa lazima. Mwaka 1917 lilifanyika zoezi kubwa zaidi la kuwakusanya wanaume wilaya kwa wilaya, chini ya John Ainsworth. Machifu walitakiwa kutoa idadi maalumu. Neno idadi lilinigusa nilipolisoma. Chifu hakuulizwa ni nani na nani, aliulizwa ni wangapi.

Rupia tano

Je, tunaweza kusema juu ya ahadi pale ambapo mtu amechukuliwa kwa nguvu? Nadhani tunaweza. Serikali iliyomlazimisha mtu kufanya kazi ndiyo iliyotangaza kiwango cha mshahara wake. Yeye hakupewa nafasi ya kukataa kazi, lakini aliambiwa atalipwa kiasi gani. Deni la namna hii lilipaswa kuwa zito zaidi, kwa kuwa mdai hakuwa na hiari ya kulikopesha.

Kiwango chenyewe kilikuwa kidogo. Mpagazi wa kawaida aliwekewa rupia 5 kwa mwezi, na 6 baada ya miezi mitatu. Mwanzoni mwa vita viwango vilikuwa juu zaidi, navyo vikashushwa. Walowezi wa Kizungu walihofia kwamba jeshi likilipa vizuri, vibarua wa mashambani nao wangedai kiasi hicho hicho. Hivyo mtu aliyekuwa akibeba risasi msituni alipunguziwa ujira ili mtu mwingine aweze kulimiwa kahawa kwa bei nafuu.

Pamoja na mshahara palikuwa na stahiki: posho ya chakula, blanketi na matibabu. Hapo napo mambo yalikuwa mabaya kwa muda mrefu. Chakula kikuu kilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi wa kusagwa vibaya, na wapagazi waliofika kambini wamechoka na kulowa hawakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Watu waliozoea ndizi, wakiwamo wengi kutoka Uganda, waliumwa haraka matumbo. Kuhara damu kuliwaua wengi kuliko risasi. Homa ya mapafu na malaria navyo viliua. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000. Idadi hiyo ni kubwa kuliko ya askari wa Kiingereza, Kihindi na Kiafrika waliokufa vitani katika uwanja huo wa Afrika Mashariki, wakiwekwa wote pamoja.

Sehemu kubwa ya mshahara wa mpagazi haikulipwa mwezi kwa mwezi. Ililimbikizwa apokee mwishoni, anaporudi kwao. Kwa hiyo aliyekufa njiani alikufa akiidai serikali. Kwa mujibu wa utaratibu, fedha hizo zilipaswa kuwafikia warithi wake kupitia kwa maafisa wa wilaya. Ili ziwafikie, mtu mmoja alipaswa kujua mambo matatu: jina la marehemu, mahali alikotoka, na muda aliotumikia. Hapo ndipo tunapofika kwenye daftari.

Daftari la nani?

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa madarasani kama nasaha kwa mwenye mali: andika mali yako isije ikapotea. Nilipokuwa nikisoma habari za wapagazi niligundua kwamba haitoshi kuuliza kama daftari lipo. Inapasa kuuliza pia liko mikononi mwa nani.

Idara ya Watkins ilijaribu kuwaandika wapagazi na kuwapa namba. Lakini makarani walikuwa wachache, na watu walikuwa wengi mno. Jina la Mkamba liliandikwa na karani Mzungu au Mhindi kama alivyolisikia. Mtu mmoja aliweza kuandikwa kwa jina lake Nairobi, kwa jina la baba yake Voi, na hospitalini Dar es Salaam asiandikwe kabisa. Watu walihamishwa kutoka safu moja kwenda nyingine vita vikiendelea. Wengine walitoroka, wengine walikufa njiani wakaonekana kama wametoroka, na aliyehesabiwa mtoro alipoteza haki. Wengine waliingizwa safarini huko huko vijijini ambako jeshi lilikuwa likipita, na hawakuingia katika daftari lolote.

Vita vilipokwisha, fedha nyingi zilibaki bila kudaiwa. Kwa Kenya peke yake zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya paundi, na kwa Tanganyika zilikuwapo nyingine nyingi. Watkins alisema wazi kwamba fedha hizo ni mali ya Waafrika. Kama warithi hawapatikani mmoja mmoja, alitaka zitumike kwa manufaa ya jamii walizotoka marehemu. Suala hilo liliendelea kuandikiwa barua kwa miaka mingi kati ya Nairobi na London. Hazina ya Uingereza ilikataa. Fedha hazikudaiwa, kwa hiyo hazikulipwa.

Tufikirie maana ya jibu hilo. Mjane wa Machakos au wa Kavirondo angedai vipi? Hakujua mume wake alikufa lini wala wapi. Hakuwa na cheti. Ushahidi wote ulikuwa katika madaftari ya serikali, na madaftari hayo yalikuwa na makosa yaliyofanywa na serikali yenyewe. Hata sarafu ya rupia iliondolewa baada ya vita. Mwaka 1920 ikaja florini, na muda mfupi baadaye shilingi. Aliyeahidiwa rupia alitakiwa kudai katika fedha asiyoijua, mbele ya ofisi asiyoijua, kwa ushahidi asioushika.

Msomaji anaweza kusema kwamba vita huharibu kumbukumbu za kila mtu, na kwamba pengine serikali ilishindwa kweli. Nilikuwa na wazo hilo mpaka nilipoangalia mambo matatu yaliyofuata vita.

Jambo la kwanza ni ardhi. Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba ya Kenya askari wa Kizungu waliotumikia vitani. Majina yao yalipatikana, maombi yao yakapokelewa, na mashamba yakapimwa.

Jambo la pili ni kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya vita ikaanza kutekelezwa Kenya. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mshahara. Wengi walikitia katika kibweta cha bati wakakivaa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mtu hakuweza kupata kazi kwingine kihalali. Kwa njia hiyo mtoro alitafutwa wilaya moja hadi nyingine akapatikana. Kumbe kuandika majina ya malaki ya watu kuliwezekana. Serikali iliyoshindwa kumtafuta marehemu ili imlipe iliweza kumtafuta aliye hai ili imrudishe kazini.

Jambo la tatu ni ujira wenyewe. Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu Kenya walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na huku kodi ilikuwa imepandishwa. Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi ya hazina Nairobi, alipinga hayo pamoja na kipande na kazi za lazima. Alikamatwa Machi 1922. Watu walipokusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, walipigwa risasi, na zaidi ya 20 wakafa. Miongoni mwao alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Si ajabu kwamba sauti hiyo ilitoka kwa karani. Thuku aliona maandishi ya mwajiri kwa ndani, na aliamua kusema.

Mafagio ya Mwanza

Upande wa Wajerumani una kisa chake, ambacho husimuliwa sana katika vitabu vya vita hivi. Askari Waafrika wa Lettow-Vorbeck walimaliza vita bila kulipwa malimbikizo yao. Mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali huyo, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa waliobaki hai. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba walifika wazee wapatao 350, lakini ni wachache tu waliokuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare kuukuu, na wengine mikono mitupu. Basi ofisa aliyeleta fedha akampa kila mzee fagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki hufurahisha, na hata darasani kwetu kilichekesha. Kwangu kina mafunzo mawili. Kwanza, mwenye nia ya kulipa hutafuta ushahidi, hata kwa fagio. Pili, wazee wale walikuwa askari. Mpagazi angejithibitisha vipi? Angepewa gunia alibebe? Kila maskini wa Afrika Mashariki angeweza kufanya hivyo. Kazi yake haikumwachia alama inayomtofautisha na wengine, isipokuwa mgongoni.

Dar es Salaam na Nairobi zina sanamu za kumbukumbu zilizojengwa miaka ya 1920. Ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, ni ya askari mwenye bunduki. Maandishi yake, ambayo yako pia kwa Kiswahili, yanawataja wapagazi, lakini hayamtaji hata mmoja kwa jina. Mwezi Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi. Karne nzima ilipita kabla mwenye daftari hajakubali kwamba kurasa zake zilikuwa tupu kwa makusudi.

Hitimisho

Ahadi ni deni, tunasema, na dawa ya deni kulipa. Historia ya Kariakoo inanionyesha kwamba kati ya ahadi na malipo yuko mtu wa tatu ambaye methali hizi hazimtaji, naye ni mwandishi wa daftari. Bosi akisema "andika idadi", yupo karani anayetii. Afisa akisema "hakuna aliyedai", yupo karani aliyeandika vibaya au hakuandika. Makarani wengi wa kikosi cha wapagazi walikuwa vijana waliosoma, kama sisi. Sidhani kwamba walikuwa watu wabaya. Nadhani walikuwa wakitarajia mshahara wao.

Niliporudi Kampala kutoka Dar es Salaam nilimtafuta mzee wa Kivu. Nilimkuta kwenye stoo nyingine, mtaa wa tatu kutoka ile ya zamani. Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama nazikumbuka tarehe. Malori yenyewe nilikuwa nimeyaandika kwa tarehe katika daftari la bosi, nami nilikuwa nimehifadhi nakala za hati za mizigo. Tulikaa juu ya magunia jioni mbili, tukaandika upya: tarehe, lori, na majina ya watu wote sita. Wanne walipatikana wakatia dole gumba au sahihi. Mmoja alikuwa amerudi Kongo, na wa sita hakutaka matatizo.

Tukaenda na karatasi hizo kwa afisa wa kazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Bosi alipoitwa alisema hatujui. Afisa akamwonyesha tarehe, akamwuliza nani basi alishusha malori hayo. Hakuwa na jibu. Mbele yetu alimlipa mzee nusu ya alichodai, na wale watatu wakapata kidogo kidogo. Mshahara wangu bado. Nimeambiwa nirudi mwezi ujao, kwa mara ya nne, na nitarudi.

Jina la mzee ninalijua sasa. Sikuliandika katika insha hii kwa sababu sijamwomba ruhusa, lakini limo katika karatasi zilizoko kwenye ofisi ya afisa wa kazi. Limeandikwa kama anavyolitamka mwenyewe, baada ya kumwomba alirudie mara tatu.